Jagi la Mnanaa Kando ya Kiti cha Mama

Mama yangu amefikia umri ambao kiu haimjii tena kwa wakati. Muuguzi aliyekuwa akimpima alinieleza jambo hili kwa upole: mtu anapozeeka, hisia ya kiu hudhoofika, lakini mwili wake unaendelea kuhitaji maji kama zamani, na siku za joto kali unayahitaji zaidi. Niliporudi nyumbani nilianza kuhesabu. Asubuhi alikunywa kikombe kimoja, na jioni nusu kikombe cha kumezea dawa. Nilipomsihi aongeze alinijibu bila kukasirika, "Mwanangu, maji hayana ladha. Yananijaa tumboni bure." Sikuwa na hoja ya kumpinga, kwa sababu aliyekuwa akishindwa kuyanywa ni yeye, wala si mimi. Hapo ndipo nilipoanza kutengeneza vinywaji vya majani, maua na mizizi, nikiwa na lengo moja tu la kumfanya anywe maji ya kutosha bila kulazimishwa.

Nalitaja lengo hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniongoza katika kila uamuzi uliofuata, tangu kiasi cha sukari hadi wingi wa majani. Watu wengi hudhani kwamba kinywaji cha siku ya joto hufanya kazi kwa ubaridi wake, nami nilidhani hivyo hadi nilipokaa na kalamu na karatasi. Nusu lita ya kinywaji chenye nyuzijoto 10, hadi ifikie joto la mwili, hufyonza kiasi cha kilojuli 56 (kilojuli ni kipimo cha nishati ya joto). Jasho nalo, likikauka juu ya ngozi, kila gramu huondoka na kilojuli 2.4 hivi. Kwa hesabu hiyo, ubaridi wote wa nusu lita hiyo unalingana na jasho la gramu 23 tu, ambalo halijazi hata vijiko viwili vikubwa. Lakini nusu lita yenyewe, ikigeuka kuwa jasho na kukauka yote, huondoa joto zaidi ya mara 20 ya lile lililoondolewa na ubaridi wake. Kinachompoza mtu hasa ni maji. Harufu na ubaridi ni njia ya kuyafikisha maji hayo mwilini, na njia hiyo ina thamani kubwa kwa mtu ambaye hayatamani.

Jagi la kwanza nililiharibu. Nilichukua fungu zima la mnanaa, nikalichemsha kwa nusu saa katika sufuria isiyofunikwa, nikachuja, nikapoza, nikamimina. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, machungu, yenye harufu ya mboga iliyopitiliza kuiva, na mama alionja mara moja akaweka glasi mezani. Wakati huo nilidhani nimetumia majani mabaya. Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa nimefanya makosa matatu kwa mpigo. Harufu ya mnanaa imo katika mafuta mepesi yanayoruka na mvuke, na kwa kuacha sufuria wazi nilikuwa nimeyatoa yote dirishani. Rangi ya kijani ya majani, yaani klorofili, huharibika ikipashwa moto kwa muda mrefu na kugeuka kahawia. Na uchungu uliokuwa umejificha ndani ya jani hutoka kidogo kidogo kadiri moto unavyoendelea, hivyo dakika 30 zilitosha kuutoa wote.

Tangu siku hiyo siuchemshi mnanaa kamwe. Mafuta yake ya harufu hukaa katika vifuko vidogo mno vilivyo juu ya uso wa jani, na kwa kuwa viko juu, havihitaji kupondwa wala kupikwa ili vitoe kilichomo. Nikitaka kinywaji cha papo hapo, nayaweka majani katika kiganja cha mkono mmoja, nayapiga kofi moja kwa mkono wa pili, kisha nayatia majini. Harufu hujaa chumba wakati huo huo. Anayeyaponda kwa mchi hadi yawe rojo hupata pia utomvu wa ndani ya jani, na humo ndimo uchungu ulimo. Kwa lita moja ya maji natumia majani 15 hadi 20 mabichi, nayaacha kwenye jokofu kwa saa nne, nayatoa. Nimejaribu kuyaacha usiku kucha na sikuona faida yoyote, isipokuwa majani kuwa meusi.

Jambo moja kuhusu mnanaa hunishangaza hadi leo. Ubaridi tunaouhisi mdomoni tunapokunywa maji yake haumo ndani ya maji. Kemikali iitwayo mentholi huviamsha vipokezi vile vile vya neva ambavyo kwa kawaida huamshwa na baridi, na ubongo hupokea taarifa ya ubaridi ingawa ulimi haujapoa hata kidogo. Kwa mgonjwa au mzee ambaye meno yake hayavumilii barafu, hii ni zawadi kubwa. Mama hapendi vitu vya baridi kali kwa sababu ya jino moja linalomsumbua, na mnanaa katika maji yaliyopoa kidogo tu humpa hisia anayoihitaji bila kumuumiza.

Mchaichai ni wa tabia nyingine kabisa. Mafuta yake, yenye harufu inayofanana na ya limau, yamefungiwa ndani ya nyuzi ngumu za bua na majani, na ukiutumbukiza mzima katika maji baridi utangoja hadi kesho yake na bado utapata maji yenye kumbukumbu tu ya mchaichai. Huu lazima uvunjwe. Naukata vipande vya urefu wa kidole, nalipiga kila bua kwa ubapa wa kisu au kwa mchi hadi lifunguke, kisha naumwagia maji yanayochemka na kufunika mara moja. Nauacha hivyo kwa dakika 15 hadi 20. Mabua mawili au matatu yanaitosha lita moja. Kifuniko si jambo la hiari hapa. Matone yanayojikusanya upande wake wa ndani yana harufu, na mimi huyakung'utia ndani ya sufuria kabla ya kuchuja.

Tangawizi huvumilia moto kuliko majani yote, lakini moto huibadilisha. Mbichi, ikiwa imekwanguliwa au kukatwa vipande vyembamba na kulowekwa katika maji ya uvuguvugu, ina ukali mchangamfu unaokaribia wa ndimu. Ikitokota kwa robo saa, sehemu ya kile kinachoifanya iwe kali hugeuka kuwa kitu kingine kisicho na makali hayo, na ladha yake huwa ya utamu na uzito zaidi. Kwa siku za joto nachagua ile mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa lita moja, na si zaidi, kwa kuwa tangawizi ikizidi hulichoma koo na mtu hunywa kidogo. Mrehani nauchukulia kama mnanaa, bila moto. Rozimari ni mkali sana, na kijiti kimoja cha urefu wa kidole kinatosha jagi zima; mara mbili nilizotia vijiti vitatu, kinywaji kilinuka kama sabuni. Kamomili ni laini na hupendeza jioni, ingawa kwa maoni yangu ikiwa baridi hupoteza sehemu kubwa ya uzuri wake, na kwa hiyo siitumii sana.

Kati ya vyote, rosela ndiyo iliyonifundisha mengi zaidi. Wengi huliita ua, lakini kinacholowekwa hasa ni vile vikombe vinene vyekundu vinavyolizunguka tunda changa baada ya petali kudondoka. Vikikaushwa hudumu kwa miezi, na vina asidi ya kutosha kiasi kwamba kinywaji chake hakihitaji ndimu hata kidogo. Nilianza kwa kuvichemsha kama kila mtu, na nilipata rangi nzuri pamoja na ladha nzito iliyokausha mdomo. Ukavu huo huletwa na tanini, kemikali za asili za mmea, ambazo maji ya moto huzitoa haraka na kwa wingi kuliko maji baridi. Kisha nikajaribu njia ya pole pole: gramu 25 za rosela kavu, yaani konzi moja kubwa, katika lita moja ya maji, ndani ya mtungi wa kioo uliofunikwa, kwenye jokofu kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi. Rangi ilitoka ile ile ya damu ya mzee, uchachu ulikuwa safi, na ule ukavu ulikuwa umebaki ndani ya vikombe vyenyewe. Mama alimaliza glasi mbili asubuhi hiyo. Nikumbushe pia kwamba rosela isipikwe wala kuhifadhiwa katika chombo cha alumini, kwa kuwa asidi yake huila metali na ladha ya metali hiyo huingia kinywajini. Kioo, chuma cha pua au enameli isiyobanduka ni salama.

Hata hivyo, maji baridi yana udhaifu ambao nisingeutaja nisingekuwa mkweli. Hayaui kitu. Majani na maua yaliyokaushwa hupitia mikononi, juani na vumbini kabla ya kutufikia, na bakteria waliomo hawatishiki na maji ya jokofu, wanapungua kasi tu. Kwa kuwa nawatengenezea pia watu wazima wenye kinga dhaifu, nimejiwekea utaratibu ambao siuvunji: mimea mikavu naimwagia kwanza maji yanayochemka, kiasi cha kuifunika tu, nasubiri dakika moja, ndipo naongeza maji baridi yaliyo salama kunywa na kuuingiza mtungi katika jokofu. Dakika hiyo moja haitoi tanini nyingi, na inanipa amani. Mimea mibichi naiosha chini ya maji yanayotiririka, jani kwa jani ikibidi, na siichumi mahali palipopuliziwa dawa za wadudu wala kando ya barabara yenye magari mengi. Mmea nisioutambua kwa hakika siutumii, hata uwe na harufu nzuri namna gani.

Wapo wanaoweka mtungi wa maji na majani juani kwa saa kadhaa ili jua lipike. Nilifanya hivyo siku moja, nikavutiwa na uzuri wa ule mtungi uking'aa dirishani. Jioni kinywaji kilikuwa na ukungu na utelezi kidogo, nikakimwaga chote. Maji yanayopashwa na jua huwa ya uvuguvugu tu, hayafikii joto la kuua vijidudu, na uvuguvugu wa saa nyingi ndio hali wanayoipenda ili wazaliane. Sikurudia tena. Kinywaji kilichokwisha chujwa nakiweka katika nyuzijoto 4 au chini yake na kukimaliza ndani ya siku mbili, na kile kilichokaa mezani kwa zaidi ya saa mbili wakati wa joto sikirudishi jokofuni.

Sukari ilinichukua muda mrefu kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu mama anapenda utamu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na kwamba ingekuwa bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Soda nyingi za nusu lita hubeba karibu mara mbili ya kiasi hicho. Kama ningempa mama jagi tamu la lita moja na nusu kila siku, ningekuwa namtibu kiu kwa kumletea tatizo jingine.

Nilichogundua ni kwamba tatizo la utamu kwa sehemu kubwa ni tatizo la joto la kinywaji. Ulimi huhisi utamu kwa udhaifu zaidi kitu kinapokuwa baridi, na ndiyo sababu soda iliyopoteza ubaridi wake huonekana tamu kupita kiasi. Anayetia sukari katika maji ya moto, akaonja, akaridhika, kisha akayapoza, atakuta utamu umepungua na ataongeza tena. Kwa hiyo naonja kikiwa baridi, na kadiri ninavyokitoa jokofuni mapema ndivyo ninavyohitaji sukari kidogo. Tena sukari ya chembechembe haiyeyuki vizuri katika maji baridi. Huzama, na glasi ya mwisho hubeba mzigo wote. Nilianza kutengeneza shira nyepesi: kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, vinapashwa moto hadi sukari iyeyuke, moto unazimwa, na majani ya mnanaa au vipande vya mchaichai vinatiwa na kufunikwa kwa nusu saa kabla ya kuchujwa. Shira hiyo hukaa katika chupa safi jokofuni kwa wiki mbili. Kijiko kimoja kikubwa kwa glasi ndicho kiwango cha mama, na sasa nimekishusha hadi nusu bila yeye kulalamika, kwa kuwa harufu ya mnanaa iliyomo humfanya ahisi kitu kizima. Anayependelea asali aitumie, isipokuwa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, ambaye asali inaweza kumletea sumu hatari ya bakteria.

Barafu nayo ina hesabu yake. Kuyeyusha gramu moja ya barafu huhitaji joto ambalo lingetosha kuyapasha maji yale yale kutoka nyuzijoto 0 hadi karibu 80, na ndiyo maana barafu hupoza kwa kuyeyuka. Ukitia gramu 100 za barafu katika nusu lita ya kinywaji chenye nyuzijoto 30, ikiisha kuyeyuka yote utapata kinywaji cha nyuzijoto 12 hivi, na utakuwa umekiongezea maji kwa sehemu moja ya tano. Kwa wageni wanaopenda barafu, basi, nakitengeneza kikolevu kwa kiasi hicho tangu mwanzo. Wakati mwingine nagandisha rosela yenyewe katika vibao vya barafu, ili kadiri inavyoyeyuka kinywaji kisipoteze kitu.

Ndimu na limau naviongeza mwisho kabisa, wakati wa kumimina. Asidi yake huharakisha kuharibika kwa rangi ya majani, na maji ya limau yaliyokaa hupoteza uchangamfu na kuanza kuwa machungu. Ganda la juu, lile la rangi, ndilo lenye harufu; nalimenya kwa kisu kikali kwa wembamba kiasi cha kuuacha utando mweupe kwenye tunda, kwa sababu utando huo ni mchungu. Ukanda mmoja wa ganda, ukikunjwa juu ya glasi hadi utoe kile kinyunyu chepesi, una harufu kuliko vijiko viwili vya maji yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo karibu nilikosee kwa kutojua. Baada ya wiki mbili za rosela kila asubuhi, mama alisema anahisi kizunguzungu anaposimama. Anatumia dawa za shinikizo la damu, na rosela ina uwezo wa kushusha shinikizo kwa kiasi fulani, jambo lililoonekana katika tafiti. Sikusubiri, nilimpeleka apimwe, daktari akanishauri nisimpe kila siku, na kizunguzungu kikaisha. Sijui kwa uhakika kama rosela ndiyo iliyosababisha, lakini tangu hapo swali la dawa nauliza kwanza kabla ya jagi. Rosela haifai kwa mjamzito bila ushauri wa mtaalamu. Balungi, ambalo wengi hulichanganya na majani haya, huingiliana na baadhi ya dawa za shinikizo na za kolesteroli. Na mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kikomo cha maji kwa siku hapaswi kushawishiwa anywe zaidi, hata kwa kinywaji kizuri kama hiki. Yale yanayotoka jikoni kwangu ni maji yenye ladha, na siyaiti dawa. Mtu anayeharisha, anayetapika au aliyechanganyikiwa kwa sababu ya joto anahitaji huduma ya afya, na jagi la mnanaa halitoshi.

Ratiba yetu sasa ni nyepesi. Usiku naloweka kimoja tu, kwa zamu: mnanaa na tango siku moja, mchaichai na tangawizi siku ya pili, rosela mara moja kwa wiki. Asubuhi nachuja, nafunga uzi mwekundu kwenye jagi kuonyesha mahali kinywaji kinapopaswa kufikia adhuhuri, na kuliweka kando ya kiti chake pamoja na glasi ndogo, kwa kuwa glasi kubwa humchosha kabla hajaianza. Mwanzoni mwa msimu wa joto nilikuwa natia majani 20 katika lita moja. Nikapunguza hadi 15, kisha 10, nikiangalia uzi. Juzi aliniambia ladha ya tangawizi inamzuia kuyasikia maji, akaniomba nimletee ya kawaida na majani mawili ya mnanaa juu yake. Nilimpelekea, na kufikia saa sita maji yalikuwa chini ya uzi.